Kati ya Hamu na Pupa: Tafsiri ya Msamiati wa Kiingereza wa Shauku na Kukosa Subira kwa Mfano wa Mtwara

1.0 Utangulizi

Kwa kawaida, neno la Kiingereza ‘eager’ hufasiriwa kuwa ‘-enye hamu’ au ‘-enye shauku’, na ‘impatient’ kuwa ‘-sio na subira’. Ulinganifu huo hutosheleza katika miktadha mingi, lakini huficha hukumu ya kimaadili inayobebwa na maneno ya Kiswahili. Makala haya yanafafanua hukumu hiyo na athari yake katika kusimulia suala la gesi asilia ya Mtwara.

2.0 Hisia na Tendo

Kiswahili hutenganisha hisia ya kutaka na namna ya kutenda. Hamu na shauku hukaa moyoni: mtu huwa nayo, hushikwa nayo au hujawa nayo. Pupa na papara hudhihirika katika tendo: mtu hula kwa pupa, hujibu kwa papara. Mwenye hamu halaumiwi. Mwenye pupa hulaumiwa, kama methali isemavyo: ‘Mwenye pupa hadiriki kula tamu’. Uchu uko mpakani, kwani ni hisia inayodokeza tamaa iliyopita kiasi.

Asili ya ‘hamu’ nayo ina funzo. Neno la Kiarabu lililoizaa, hamm, lina maana ya wasiwasi au jambo linaloushughulisha moyo. Neno la Kiingereza ‘anxious’ vilevile hubeba wasiwasi na kutaka sana. Kwa hiyo, mfasiri hana budi kuamua kwa muktadha: ‘anxious about’ ni kuwa na wasiwasi, ilhali ‘anxious to know’ ni kuwa na hamu ya kujua.

3.0 Subira na Anayesubirisha

Mzizi wa Kilatini wa ‘impatient’ unahusu kustahimili, na ndiyo maana ya msingi ya subira pia. Tofauti imo katika uzito wa kijamii. Katika pwani ya Mikindani na Msimbati, yenye historia ndefu ya Uislamu, subira ni fadhila. Nayo methali husema ‘Subira huvuta heri’. Kumwambia mtu hana subira ni kumtia dosari, hata kama aliyechelewesha jambo ni mwingine.

Gesi iligunduliwa Mnazi Bay, karibu na Msimbati, kaskazini mwa mlango wa Mto Ruvuma, mwaka 1982. Miaka 30 baadaye, Desemba 2012, wakazi wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kuisafirisha hadi Dar es Salaam. Mei 2013 zikazuka ghasia. Iwapo wakazi hao wataelezwa kwa neno ‘impatient’, mfasiri ana njia tatu. ‘Wasio na subira’ huweka kasoro katika tabia yao. ‘Waliochoka kusubiri’ huelekeza macho kwenye urefu wa muda. ‘Waliosubirishwa’, kwa viambishi vya usababishi na utendwa, humdokeza mtendaji bila kumtaja. Hata hivyo, kaulimbiu yao, ‘gesi haitoki’, haikudai jambo liharakishwe. Ilikataa jambo lisifanyike. Huenda basi neno la Kiingereza lenyewe halikufaa tangu mwanzo.

4.0 Hitimisho

Ufasiri wa msamiati huu hauishii katika kupata kisawe. Mfasiri anapaswa kwanza kujiuliza kama kinachoelezwa ni hisia, tendo au muda, kisha nani amemsubirisha nani. Asipojiuliza hivyo, madai ya haki yanaweza kusomeka kama upungufu wa adabu.