Mbao Zilizovuka Bahari Zapamba Nyumba za Nyeri

Ukipita karibu na maghala ya Shimanzi au popote pale panapopakuliwa shehena ya Kilindini, hutakosa kuziona zile chaga za mbao ambazo huwekwa chini ya mizigo ili mashine ya kunyanyulia ipate mahali pa kuingiza meno yake. Wenye kazi yao huziita paleti. Chaga hizi husafiri melini pamoja na mashine, vigae, dawa na karatasi, na mzigo ukishapokewa na mwenyewe, zenyewe hubaki hazina kazi. Kwetu sisi watu wa pwani, si chache zinazoishia mekoni zikawa kuni. Walakini ziko zinazopanda lori zikaenda zake bara, na huko Nyeri, chini ya Mlima Kenya, nimeziona zimekuwa kuta, rafu, meza na vitanda, na wenye nyumba wakijivunia mbele ya wageni wao.

Leo napenda tuzungumze juu ya mapambo hayo, maadam ndani yake mna jambo lililo kubwa kuliko mapambo. Mbao hizi yataka zisomwe kabla ya kupigiliwa msumari. Ajuaye kuzisoma hupata nyumba nzuri kwa gharama ndogo. Asiyejua huenda akaingiza nyumbani mwake kitu ambacho lau angekitambua asingekubali kimlaze mwanawe.

Kwanza tuijue nchi yenyewe. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ukungu hutanda hata saa nne za asubuhi zikapita jua halijaonekana. Sisi wazee wetu walijenga kwa matumbawe na chokaa, kuta zikawa nene, makusudi joto libaki nje. Wenzetu shida yao ni kinyume cha yetu: ukuta wa jiwe huko hushika baridi, ukiuegemea utadhani umeegemea mtungi wa maji. Ubao haupitishi baridi upesi kama jiwe. Ndiyo sababu wenyeji tangu zamani wakapenda mbao, hasa za mtarakwa, mti wa milimani usioliwa ovyo na mchwa. Na nyumba ya huko si lazima iwe kubwa ili isifiwe. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alijengewa nyumba ndogo mjini Nyeri katika uwanja wa hoteli ya Outspan mwaka 1938, akaiita Paxtu, na humo akaishi mpaka alipofariki Januari 1941. Ni nyumba isiyo na makuu, na hadi leo watu huenda kuitazama.

Sasa utauliza: watu wanaoishi baina ya msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Aberdare, wana haja gani ya mbao kuukuu za bandarini? Jawabu ni kwamba msitu kuwa karibu si ruhusa ya kuukata. Februari 2018 serikali ya Kenya ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, kwanza kwa siku 90, kisha muda ukaongezwa tena na tena. Mbao zikaadimika na bei ikapanda. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na shauri likafikishwa mahakamani. Katika miaka hiyo yote seremala alikuwa na watoto wa kulisha, naye kijana aliyeoa alitaka kitanda na kabati. Hapo ndipo paleti, iliyokuwa ikitupwa, ilipoanza kutazamwa kwa jicho jingine.

Tena Nyeri ndiko alikozaliwa Profesa Wangari Maathai, mwaka 1940, katika kijiji cha Ihithe. Mama huyu aliasisi harakati za Green Belt mwaka 1977, na mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alipozuru Japani mwaka 2005 alijifunza neno la huko, mottainai, maana yake ni kuona uchungu kitu chenye manufaa kinapotupwa bure, akalieneza kila alikokwenda. Alipofariki mwaka 2011 hakutiwa katika jeneza la mbao, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Sisi Waislamu neno hilo halitushangazi. Jeneza letu ni la msikiti, hupeleka na kurudi, likamngoja mwingine. Na israfu tumekatazwa tangu chuoni, kabla hatujajua hata kusoma vizuri.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Karakana niliyoizuru iko pembeni mwa mji, chini ya paa la mabati, na fundi wake ni kijana aliyerithi randa na msumeno kwa babake. Nilimkuta anafumua paleti, nikashangaa kuona hatumii mtaimbo.

"Mzee," akaniambia, "msumari wa paleti umesokotwa kama parafujo. Ukiuvuta kwa nguvu, ubao unapasuka."

Yeye huingiza ubapa wa msumeno wa chuma baina ya mbao mbili, akaukata msumari katikati. Kichwa cha msumari hubaki ndani ya ubao, kikaonekana kama doa jeusi, na doa hilo wateja wake hulipenda kuliko nakshi ya rangi. Mbao nyingi za paleti ni za msonobari, nyembamba, aghalabu unene wake hauzidi sentimita mbili na ushei, basi randa hupitishwa kwa huruma. Baadaye huja msasa, kisha mafuta ya kitani au vanishi.

Ukuta wa sebule huanza kwa kupigilia fito zilizosimama wima ukutani, na juu yake ndipo mbao hulazwa moja baada ya moja, maungio yakipishana kama matofali. Nyuma yake huachwa nafasi ili hewa ipite, na pembeni huachwa mwanya mdogo, kwani ubao huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Ubavu wa paleti ukikatwa huwa rafu ya vitabu na vyombo, ukanikumbusha zidaka za nyumba za Lamu. Tofauti ni kwamba kidaka ni sehemu ya ukuta, na rafu imeangikwa. Yataka ishikwe na bolti zilizoingia jiweni barabara, isije ikamwangukia mtu.

Nikiwa pale akaja mama mmoja mja mzito, ameleta paleti nne alizozinunua, ataka kitanda cha mtoto. Fundi alizipindua moja moja, akasoma ubavuni. Yapasa hapa nieleze alichokuwa akikisoma.

Wadudu wa miti walikuwa wakisafiri ndani ya mbao za mizigo kutoka nchi hata nchi, wakiangamiza misitu ya watu. Kwa hiyo mwaka 2002, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, ikapitishwa kanuni inayoitwa ISPM 15. Kwa kanuni hiyo, mbao zinazobeba mizigo ya kimataifa hutibiwa na kupigwa muhuri. Muhuri huo una picha ya suke la ngano na herufi IPPC, kisha herufi mbili za nchi, mathalan KE kwa Kenya, kisha namba ya mtengenezaji, na mwisho herufi za matibabu. Ukiona HT, maana yake mbao zilitiwa joto hata moyo wa ubao ukafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30. Hizo ndizo za kutafuta. Ukiona MB, zilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu, na ambayo mataifa yameibana chini ya Itifaki ya Montreal kwa kuwa hudhuru tabaka la ozoni. Gesi yenyewe huruka, lakini mafundi waangalifu mbao hizo hawaziingizi chumba cha kulala wala jikoni.

Katika zile paleti nne, mbili zilikuwa na HT. Ya tatu ilikuwa na MB. Ya nne haikuwa na muhuri, ila ilikuwa na doa pana la mafuta, na harufu yake ilikuwa ya dawa ya wadudu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwani muhuri hueleza namna ubao ulivyotibiwa, hauelezi ubao ulimwagikiwa na nini njiani.

"Fundi, pesa yangu imeshaenda," yule mama akasema. "Si utapaka rangi tu?"

"Mama, rangi inafunika macho," fundi akajibu. "Iliyoingia ndani ya mbao haiifuniki. Na mtoto atatafuna hiyo mbao meno yakianza kuota. Hizi mbili nitakutengenezea kitanda kidogo. Hizo zingine sizigusi, na usizichome jikoni."

Mama alinyamaza kitambo, akizitazama zile mbili zilizokataliwa. Kisha akakubali, na fundi akampunguzia ujira. Nami nikaona kwamba heshima ya ufundi ni hiyo: kukataa kazi ya kulipwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajazaliwa.

Liko swali la pili, ambalo msomaji wangu ataliuliza kabla sijamaliza: mbao hizi ni za nani? Si kila paleti iliyoegemezwa ukutani imetupwa. Kampuni ya CHEP, iliyoanzia Australia kutokana na vifaa vya jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hukodisha paleti zake zilizopakwa rangi ya buluu. Haziuzwi, hurudi kwa mwenyewe. Na paleti inayotoka ghalani usiku kwa mlango wa nyuma, hata ikiwa na HT mara kumi, ina sumu nyingine isiyotoka kwa msasa. Nunua kwa mwenye mali, mchana, upewe risiti. Meza ya karamu yako isiwe ya wizi.

Kwa hakika sisi wa pwani si wageni wa ufundi huu. Lamu na Unguja mbao za majahazi makuukuu zimefanywa meza na viti, na alama za misumari zikaachwa ndizo zikawa urembo. Milango ya nakshi imeng'olewa katika magofu ikatiwa katika nyumba mpya. Kinachosikitisha ni kwamba paleti huteremka mlangoni petu, tukaitia moto, na mtu wa Nyeri akaigharamia lori apate kuipamba nyumba yake. Vijana wetu wanaojua randa waanze. Ila wakumbuke kuwa hewa yetu ina chumvi: watumie misumari isiyoshika kutu, na miguu ya fanicha wasiisimamishe moja kwa moja juu ya udongo, kwani msonobari kwa mchwa ni halua.

Wahenga walituusia tusitupe mbachao kwa msala upitao. Nami nafunga kwa ubeti mmoja:

Ubao una habari, uusome kwa makini,
Umevuka na bahari, kufikia milimani,
Kwanza tazama muhuri, tena mwenyewe ni nani,
Cha halali kina heri, kikiingia nyumbani.