Muuguzi Wetu Anataka Kurudi Chuo Kikuu: Kikundi Kiulize Nini?



Tukitembelea vikundi vyenu, kuna swali ambalo limekuwa likirudi. Muuguzi wa zahanati, mwenye diploma, anataka kusomea digrii, na anaomba kikundi kimfanyie harambee. Wengine wanasema, "Tumsaidie, huyu ni mtoto wetu." Wengine wanajibu, "Sawa, lakini akienda, nani atawazalisha akina mama usiku?" Pande zote mbili zina haki. Basi tumeona afadhali tulieleze jambo hili pole pole.

Ngazi za uuguzi

Hapa Kenya kuna ngazi tatu za msingi: cheti, diploma na digrii. Zamani digrii ya uuguzi haikupatikana hapa nchini. Chuo cha Baraton kilikuwa mstari wa mbele katika miaka ya 1980, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1992. Leo vyuo vinavyoifundisha ni vingi, vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi.

Muuguzi wa diploma tayari ni muuguzi kamili aliyesajiliwa. Anajua kuzalisha, kuchanja na kutibu. Digrii inamwongezea mambo ya usimamizi, ualimu, utafiti na mipango ya afya ya jamii. Pia inamfungulia mlango wa vyeo vya juu. Lakini tusidanganyane: mshahara hauongezeki siku ile ile ya kufuzu. Mwajiri lazima awe na nafasi na pesa za kumpandisha.

Njia ni mbili

Njia ya kwanza ni kuanza upya. Anaingia mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka sekondari, anasoma miaka 4 mchana kutwa. Tena anatakiwa awe na gredi ya C+ katika mtihani wa kidato cha nne, na wauguzi wengi wazuri hawakuipata.

Njia ya pili ni ya kupandia. Chuo kinahesabu yale aliyosoma kwenye diploma, kwa hiyo muda unapungua, mara nyingi ukawa miaka 2 hadi 3. Chuo kitataka kuona diploma yake, usajili wake, na mara nyingi miaka kadhaa ya kazi. Hii ndiyo njia iliyotengenezwa kwa ajili ya muuguzi aliye kazini.

Hata njia hii ya kupandia ina namna zake. Kuna vyuo vinavyotaka mwanafunzi akae huko wakati wote. Vingine humwita siku chache za wiki, siku nyingine anafanya kazi. Vingine humwita kwa majuma machache, kisha anarudi kituoni na masomo ya kufanya mwenyewe, kwa vitabu au kwa kompyuta. Kusoma ukiwa kazini si jambo geni. Mwaka 2005 shirika la AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi, lilianza kuwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta ili wapate diploma bila kuacha vituo vyao.

Maswali manne kabla ya kuchanga

1. Je, chuo kina vibali viwili? Chuo kikuu chapaswa kutambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Lakini hiyo haitoshi. Masomo yenyewe ya uuguzi lazima yakubaliwe na Baraza la Wauguzi. Kibali kimoja kikikosekana, cheti kinaweza kuwa karatasi tu.

2. Je, diploma yake itahesabiwa kiasi gani? Chuo kiandike kwenye barua: ataingia mwaka gani, atasoma kwa muda gani, na atalipa karo kiasi gani mpaka mwisho. Maneno ya mdomo hayatoshi.

3. Je, mwajiri amekubali? Tangu 2013 wauguzi wengi wa vituo vya serikali wako chini ya kaunti. Kituo kikiwa cha misheni, mwajiri ni jimbo au shirika la watawa. Ruhusa ya masomo iombwe mapema, kwa barua. Muuguzi asome vizuri masharti, maana mara nyingi hutakiwa kurudi na kutumikia miaka fulani.

4. Je, nani atashika zamu? Kama zahanati ina muuguzi mmoja tu, jambo hili litangulie hata karo.

Kikundi kimoja tunachokifahamu kilifanya harambee kwanza, maswali yakaja baadaye. Muuguzi alipofika chuoni akaambiwa diploma yake haihesabiwi, aanze mwaka wa kwanza. Karo ya muhula ilikuwa imeshalipwa. Huku nyumbani zahanati ilikaa imefungwa, na akina mama wakawa wanapelekwa mbali kwa pikipiki. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Barua moja tu ingewaokoa.

Pesa zitoke wapi?

Harambee isiwe ya kwanza. Muuguzi ana mshahara, kwa hiyo aanze na SACCO yake, ambako wengi hukopa hadi mara tatu ya akiba. Aulize pia masharti ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB. Pengo likibaki, hapo kikundi kisaidie, na pesa zilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, muhula kwa muhula. Mwekahazina atunze risiti. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Andikeni pia mapatano mafupi: kikundi kitatoa nini, naye atarudisha nini. Labda ni mafundisho ya afya kila mwezi, au kurudisha sehemu ya pesa akipanda cheo. Asilazimishwe kama mtumwa, lakini naye asisahau waliomsukuma mlimani.

Kwa hiyo, mwenyekiti, muuguzi akija kwenye mkutano ujao msimwambie "hapana", wala msipitishe bakuli siku hiyo. Mpeni maswali haya manne, aende, arudi na barua. Akirudi nazo zote, mchangieni kwa moyo mmoja.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.