Ahadi ya Januari na mandazi ya saa kumi: Kwa nini mazoezi huahirishwa nyumbani

KATIKA maboma yanayopakana na msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, saa kumi jioni haihitaji saa ya ukutani. Harufu ya mandazi ikishavuka ua, kila aliyekuwa shambani, kisimani au chini ya mparachichi hujikuta akielekea jikoni kana kwamba ameitwa kwa jina. Birika la chai ya maziwa huwa tayari limetengwa, na sahani haitangulii kumfikia mtoto bali mwenye boma.

Ni kwenye mkeka huo wa chai ambapo ahadi nyingi za mazoezi hutolewa, na ndipo pia huzikwa. Mtu hula andazi la tatu, akajipapasa tumbo na kutangaza mbele ya mashahidi kwamba Jumatatu ataanza kutembea. Jumatatu ikifika, mvua hunyesha. Jumanne kuna mazishi. Jumatano juma limekwisha kuwa nusu, na mtu mzima haanzi jambo la maana katikati ya juma.

Mwandishi wa makala haya anayasema hayo kwa uzoefu. Miaka mitatu iliyopita, akiwa likizoni, alimwahidi kitinda mimba wake kwamba wangepanda pamoja kilima cha Lirhanda kabla ya mapambazuko ili walione jua likichomoza juu ya msitu. Desemba ya kwanza miguu ilikuwa na uchovu wa safari. Ya pili, wageni walikuwa wengi. Ya tatu mtoto aliacha kuuliza, na kunyamaza huko ndiko kulikomchoma baba yake kuliko lawama yoyote.

Kwa asiyepafahamu, Isecheno ni kituo cha misitu kilichoko kusini mwa msitu wa Kakamega, katika eneo la Shinyalu, nchi ya Waisukha. Msitu wenyewe, uliotangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka wa 1933, ndio salio la pekee nchini Kenya la misitu ya mvua ya namna ile inayoenea hadi Kongo. Watafiti wamekuwa wakichunguza tabia za kima wa hapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Lirhanda, kilima kilicho kilomita chache kutoka kituoni, kina shimo la zamani la dhahabu ambalo sasa ni makao ya popo, ukumbusho wa kishindo cha wachimba dhahabu waliomiminika Kakamega katika miaka ya 1930. Si mlima wa kutisha. Watoto wa shule huupanda wakicheka. Wanaoukwepa ni baba zao.

Kicheko chenye deni

Suala hili huchekesha, lakini lina deni ndani yake. Agosti iliyopita, katika zahanati moja ambako mwandishi alikuwa amempeleka mtu mwingine, mhudumu alimfunga kipimo mkononi kwa mzaha tu. Shinikizo la damu likasoma 148 kwa 94. Mzaha ukaisha papo hapo. Baada ya vipimo vya kurudia, ushauri ulikuwa mfupi: punguza chumvi na sukari, na utembee. Hakuna aliyesema tangu Januari.

Hayuko peke yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu vichocheo vya magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa mwaka wa 2015, ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Nchi inayosifika duniani kwa wakimbiaji wake, basi, ina wananchi wengi ambao mbio wanazozijua ni zile za kwenye runinga. Na mashabiki wa AFC Leopards wasijidanganye: kumshangilia mchezaji hakumpunguzi shabiki tumbo.

Akili mbili ndani ya mtu mmoja

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyesoma na kuelewa, huahirisha jambo analojua kuwa ni kwa faida yake?

Wataalamu wa uchumi na saikolojia hueleza kwamba binadamu huipa leo uzito uliopita kiasi. Raha ya sasa huonekana kubwa, na faida ya kesho huonekana ndogo, kama vile mti ulio karibu unavyoonekana mrefu kuliko mlima ulio mbali. Mwaka wa 1998 ulichapishwa utafiti uliofanywa Amsterdam, ambapo wafanyakazi waliulizwa wangependa kutafuna nini juma lililofuata. Wengi walijichagulia vitu vya kujenga afya, kama matunda. Siku yenyewe ilipowadia na wakaruhusiwa kuchagua upya, wengi walibadili nia wakachukua vitu vitamu. Hawakuwa waongo. Aliyechagua matunda alikuwa akimchagulia mtu wa juma lijalo, na mtu wa juma lijalo daima ni mwadilifu kutuzidi.

Sababu ya pili ni mapenzi yetu kwa tarehe. Mwaka wa 2014, watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha nchini Marekani kwamba watu huelekea zaidi kuanza mambo kama mazoezi mwanzoni mwa juma, mwezi, mwaka, au baada ya siku ya kuzaliwa. Tarehe mpya humtenga mtu na makosa yake ya jana, akajiona amezaliwa upya. Hiyo ni nguvu, lakini ina hila yake: maadamu Januari i njiani, Novemba nzima huwa ruhusa ya kula.

Sababu ya tatu haimo katika vitabu vya Amsterdam wala Marekani. Katika nyumba ya Mluhya chakula hakimaanishi shibe tu, bali ndiyo lugha ya nyumba. Mgeni huchinjiwa kuku, na firigisi humwendea mwenye boma kwa heshima yake. Kukataa firigisi hiyo ni kujivua ubaba. Binti aliyeamka alfajiri kukanda unga hakuambii anakupenda, anakuongezea andazi. Ukimwambia unapunguza uzani, anachosikia ni kwamba mapishi yake yamekuchosha. Ndipo baba, kwa kuogopa kumvunja moyo mtoto, huuvunja mwiko wa daktari, na jioni hiyo wote hulala wameridhika.

Ya nne ni pikipiki. Zamani mtu alitoka Khayega hadi Shinyalu na kuendelea Isecheno kwa miguu au kwa baiskeli, na mazoezi yakawa ndani ya safari bila kutajwa. Tangu bodaboda za pikipiki zilipoenea vijijini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, safari ya dukani ya robo saa imekuwa ya dakika tatu. Tumeokoa muda, na muda wenyewe tumeuketia.

Hesabu ya mkeka wa chai

Isidhaniwe kwamba makala haya yanawapiga marufuku wapishi. Kinachohitajika ni hesabu, si talaka.

Chukua sukari. Kijiko kidogo cha chai hubeba takriban gramu 4. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe vinne kwa siku, amekula vijiko 12, yaani gramu 48. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu anayehitaji kalori 2,000 ni kama gramu 50. Likaongeza kwamba ingefaa zaidi kiwango hicho kikishuka hadi nusu. Kwa maneno mengine, mnywaji wetu amemaliza mgao wake kwa chai pekee, kabla hajagusa andazi, ambalo nalo lina sukari yake na mafuta yaliyolikaanga. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya sukari au wanga.

Upande wa pili wa hesabu haufurahishi pia. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa mwendo wa wastani kwa nusu saa hutumia kama kalori 140 hivi. Vitu viwili vitatu vya kukaanga vyaweza kufuta kazi hiyo kwa dakika tano. Ndiyo maana wajuzi husema tumbo hupunguzwa kwanza mezani, ilhali moyo na mishipa huimarishwa njiani. Anayetembea bila kupungua uzani asikate tamaa. Faida nyingi za mwendo hazionekani kwenye mizani.

Tena Isecheno haina uhaba wa vitamutamu visivyohitaji karai la mafuta. Kuna viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, ndizi mbivu, njugu, na mushenye, ule mpondo wa maharagwe na viazi vitamu. Mvua ikipusa huja kumbikumbi, wanaoitwa tsiswa, wenye protini na mafuta yao wenyewe. Na anayetaka tu kitu cha kutafuna huku akizungumza ana mukombero, mzizi wa msituni ambao wenyeji wameutafuna tangu enzi.

Mwendo wowote ni mwendo

Wengi huahirisha kwa sababu wanadhani mazoezi ni viatu vya bei, mavazi ya kubana na ada ya ukumbi. Mwaka wa 1953, daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva, waliokuwa wakiketi kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Kondakta hakuwa na habari kwamba anafanya mazoezi. Alikuwa kazini.

Mwongozo wa WHO wa mwaka wa 2020 unawataka watu wazima wapate angalau dakika 150 hadi 300 kwa juma za mwendo wa wastani, na watoto wastani wa dakika 60 kila siku. Jambo kuu ni kwamba lile sharti la awali la kwenda dakika 10 mfululizo ndipo zihesabiwe liliondolewa. Kulima, kuchota maji, kufagia ua, kupasua kuni, vyote vimo. Hali kadhalika isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Anayeicheza kwa dhati tangu ngoma kubwa inapolia hadi baragumu la pembe linaponyamaza hahitaji mkufunzi wa kumwambia kwamba ametoka jasho.

Namna ya kuishinda kesho

Tafiti zinatoa mbinu mbili zisizogharimu senti. Ya kwanza, inayohusishwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, ni kuacha kusema "nitafanya mazoezi" na badala yake kutaja wakati, mahali na kichocheo: "Nikishaweka kikombe chini, nitatembea hadi lango la kituo cha misitu na kurudi." Uamuzi ukishafanywa mapema, jioni haibaki na nafasi ya mjadala.

Ya pili ni subira. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea mazoea mapya. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka wa 2010, yalionyesha kwamba kwa wastani zilipita siku 66 kabla jambo halijawa desturi isiyohitaji kusukumwa, japo wengine walichukua siku 18 na wengine walikisiwa kuhitaji hadi 254. La kutia moyo zaidi, kukosa siku moja hakukuharibu kazi. Mvua ya Jumatatu, basi, haikuwa sababu ya kungoja Jumatatu nyingine.

Nyumbani kwa mwandishi, mbinu ya kwanza iliwekwa chini ya usimamizi wa kitinda mimba, ambaye hana huruma. Andazi lilibaki, ila moja, na chai ikashuka hadi kijiko kimoja. Baada ya chai wote walitoka, mama watoto akiwa mbele, hadi penye ukingo wa majani chai yaliyopandwa kuuzunguka msitu. Majuma ya kwanza baba alirudi akihema. Kufikia la tisa alikuwa anaweza kutembea na kuzungumza kwa pamoja, jambo ambalo watoto hawakulifurahia sana.

Desemba hii walipanda Lirhanda. Baba alisimama mara nne, kila mara akisingizia kuna ndege wa kutazamwa, na mara moja kweli alikuwepo. Jua lilipochomoza, ukungu ulikuwa umelala juu ya miti kama maziwa yaliyomwagika, na mtoto hakusema neno, akaegemea bega la babake. Shinikizo la damu bado linapimwa, na bado lina safari ya kushuka.

Waliporudi walimkuta nyanya yao, kukhu wa miaka 80, akitua mtwita wa kuni uani. Alisikiliza simulizi ya ushujaa hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Sasa mlipanda huko juu mkarudi mikono mitupu?"

Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Saa kumi ikifika, wangeongeza kwamba huyanenepesha pia.