Tusiache mbachao katika utafiti wa saikolojia

Mwanafunzi wa saikolojia wa hapa Kakamega anapotakiwa kuandika juu ya malezi ya mtoto, mara nyingi huleta ushahidi wa Chicago na London. Atatueleza kwa ufasaha jinsi mtoto wa Marekani anavyozoea kulala peke yake, wala hatasema lolote kuhusu mtoto wa Khwisero anayebebwa mgongoni na dadaye mwenye umri wa miaka minane. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba hakuna kilichoandikwa kuhusu huyo wa Khwisero. Nasema jibu hilo si kweli.

Thomas Weisner, mtafiti kutoka Marekani, alichunguza familia za Kisa, eneo ambalo sasa limo katika Khwisero, akazilinganisha na jamaa zao waliohamia Kariobangi, Nairobi. Mwaka 1977 yeye na Ronald Gallimore walichapisha makala mashuhuri kuhusu watoto wanaowalea wadogo zao. Robert na Ruth Munroe nao waliwachunguza watoto wa Kilogoli, huko Vihiga ya leo. Kule Kokwet, miongoni mwa Wakipsigis, Charles Super alionyesha mwaka 1976 kwamba watoto wachanga huwahi kuketi na kutembea kwa sababu mama zao huwafunza hivyo kwa makusudi. Kutambaa, ambako hawafunzwi, hawakuwahi.

Je, haya yana uzito gani? Yana uzito mkubwa. Msomaji akumbuke habari za J. C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya Mathari enzi za ukoloni. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai kuwa akili ya Mwafrika yafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilichapisha maoni yake kuhusu Mau Mau, yaliyogeuza kilio cha ardhi na uhuru kuwa ugonjwa wa nafsi. Hayo ndiyo yanayowapata watu wasiokuwa na maandishi yao ya kumjibu mwandishi.

Wala hatari hiyo haijaisha. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makuu ya saikolojia ya Marekani, akakuta kwamba asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Sisi wengine tulihesabiwa kana kwamba hatuna nafsi.

Basi mwanafunzi atafute wapi? Aanze kwa mkutubi wa chuo chake, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mpango wa Research4Life, ambao tawi lake la afya lilianza mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, hufungua maelfu ya majarida bila malipo au kwa ada nafuu. Lakini mpango huo huandikisha taasisi, hauandikishi mtu binafsi. Mwanafunzi anayeshinda kwenye simu yake akikutana na milango iliyofungwa huenda ufunguo umo mikononi mwa mkutubi ambaye hajawahi kumsalimu.

Kisha aende kwenye African Journals Online, hazina ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, ambako makala nyingi husomwa bure. PubMed itamfaa kwa mambo ya maradhi ya akili, na ERIC kwa saikolojia ya elimu. Akikuta muhtasari pekee, amwandikie mtafiti mwenyewe kwa adabu na kumwomba nakala. Wengi hutoa.

Ipo siri nyingine ambayo wengi hawaijui, nayo ni majina. Anayetafuta kwa neno "Kakamega" peke yake atapata machache. Ajaribu pia Abaluyia, Logoli, Tiriki, Kisa, hata Kavirondo Kaskazini, jina la kikoloni alilolitumia Günter Wagner katika kitabu chake cha mwaka 1949. Vihiga nayo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kakamega hadi mwaka 1990, hivyo utafiti wa huko umejificha chini ya jina letu. Na ajihadhari na programu za akili unde zinazobuni vitabu visivyokuwapo. Rejeo ambalo hajaliona kwa macho yake asilitie katika tasnifu.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mwanafunzi pekee. Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti. Kaunti yetu isizione kama vyumba vya kujificha mvua. Mtafiti anayepewa leseni na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi hutakiwa kukabidhi nakala ya ripoti yake ya mwisho. Napendekeza nakala nyingine iletwe katika maktaba ya kaunti alikofanyia kazi. Mama aliyeacha jembe lake akajibu maswali saa mbili anastahili mwanawe aweze kuyasoma majibu hayo bila kulipa dola. Vyuo vyetu navyo viweke tasnifu zote wazi, zisiliwe na mchwa katika stoo.

Tangu mwaka 2014 nchi yetu ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia. Vijana wanaosoma leo ndio watakaowasikiliza wajane wetu, walevi wetu na watoto wetu waliofiwa. Wakija na vipimo vya ugenini pekee, watatuona wagonjwa pale tulipo wazima, na wazima pale tunapoumia. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Vijana na wausome msala wa wageni, lakini kwanza waukunjue mbacha wao wakajua umefumwa vipi.