Kebo hufukiwa, haizikwi

Majuzi stima zilipotea jioni nzima hapa Kimumu. Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa ameniletea tafsiri yake ya makala kuhusu mitambo ya upepo inayosimikwa baharini huko Ulaya. Tuliisoma kwa mwanga wa simu.

"Sasa hiyo stima ya baharini inafikaje nchi kavu?" babake akauliza.

"Kwa waya, baba. Imezikwa chini ya bahari."

Jibu hilo fupi lina maneno mawili yanayostahili kupimwa, nami nikaona niyalete ukumbini leo.

La kwanza ni waya. Neno hili tulilikopa kutoka Kiingereza na, kwa kuwa linaanza kwa w-, tukalipa wingi wa nyaya katika ngeli ya U-ZI, sawa na wimbo na nyimbo. Hakuna kosa hapo. Tatizo ni kwamba ukimtajia mvuvi waya, huenda akawazia uzi wa kuanikia nguo. Kinacholazwa baharini ni fungu la nyaya za shaba au alumini, zilizovishwa tabaka la kuzuia umeme usivuje, kisha zikazungushiwa nyuzi za chuma. Hiyo ni kebo. Wenzetu wa Tanzania hutumia pia mkongo, hasa kwa mawasiliano. La ajabu ni kwamba hata simu, neno lenye asili ya Kiajemi, lilimaanisha waya. Kebo ya telegrafu ilipofika Zanzibar mwaka 1879, simu yenyewe ilipita baharini!

La pili ni kuzikwa. Azikwaye ni maiti. Kebo hufukiwa: huchimbiwa mtaro, ikalazwa, ikafunikwa kwa mchanga. Nilimwambia binti asichanganye pia kulazwa na kufukiwa, kwa sababu usalama wote wa kebo umo katika tofauti hiyo. Kebo iliyolazwa tu juu ya mchanga hukwaruzwa na miamba mkondo wa maji unapoisukuma, na nyavu za kukokota huweza kuinasa. Iliyofukiwa hupona mengi ya hayo. Penye mwamba pasipochimbika, hufunikwa kwa mawe au mabamba ya zege. Kwenye mguu wa mtambo wa upepo, mkondo huukomba mchanga hadi kebo ikabaki ikining'inia, basi sehemu hiyo huvishwa ala ngumu ili isipindwe ikakatika.

"Lakini Prof, haya si ya Wazungu? Sisi mitambo yetu iko Ngong na Loiyangalani, nchi kavu," binti akasema.

Kweli, ila kebo za umeme za baharini tunazo jirani. Unguja imekuwa ikipata umeme wa bara kwa kebo tangu mwaka 1980, na ya pili, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ilianza kazi mwaka 2013. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga mwaka 2010. Hitilafu ilipotokea katika njia ya kwanza Desemba 2009, Unguja ilikaa takribani miezi mitatu bila umeme wa bara. Sisemi ilikuwa kazi ya nanga. Nasema tu kwamba sisi tuliolalamikia jioni moja tuwafikirie waliokosa kwa miezi mitatu, pampu za maji zikiwa zimesimama.

Nanga nimeitaja kwa makusudi. Magazeti yetu hupenda kuandika kwamba mashindano yameng'oa nanga, yaani yameanza. Ni msemo mzuri, lakini vijana wengi wa bara huujua huo tu, wasijue kuwa nanga ni chuma kizito chenye kucha zinazochimba mchanga. Februari 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga pasiporuhusiwa, ikakata kebo ya mawasiliano ya TEAMS. Intaneti ikazorota. Wazee wa pwani waliiita meli ya moshi stima. Laiti ile ingekuwa kebo ya umeme, tungesema stima imekata stima.

Ndiyo maana njia za kebo huchorwa kwenye ramani za mabaharia na maeneo hayo hupigwa marufuku. Hata hivyo, marufuku hulinda pale tu inapoeleweka. Tafsiri ya binti ilikuwa na onyo hili: "Usiweke nanga juu ya waya uliozikwa." Nahodha angeelewa, pengine baada ya kucheka. Tuliliandika upya, naye akasema mwenyewe kuwa sasa hata babake, ambaye hajawahi kupanda mashua, angejua la kufanya: "Kebo ya umeme imefukiwa hapa. Ni marufuku kutia nanga."