Mkutubi wa sheria: Anayejua sheria ipi ingali hai

MUULIZE mwanafunzi wa kidato cha nne anayependa sheria angetaka kuwa nani, naye atakujibu upesi: wakili au jaji. Atakueleza kuhusu joho na kuhusu kusimama kortini kumtetea mnyonge. Ni nadra kumsikia akisema kwamba angependa kuwa mkutubi wa maktaba ya sheria. Na mzazi akisikia jawabu kama hilo, huenda akauliza kwa masikitiko: "Yaani karo yote niliyolipa ni ya kupanga vitabu?"

Mpenzi msomaji, ikiwa nawe ungeuliza hivyo, tuandamane leo hadi katika maktaba ya sheria ya chuo kikuu tuone kazi hiyo ni ipi hasa. Huenda ukagundua kwamba wakili hodari uliyemwona kortini aliujifunza uhodari wake mbele ya kaunta ya mkutubi.

Kitabu kuukuu ni hatari

Katika maktaba nyingi, kitabu kuukuu hakimdhuru mtu. Ukisoma utenzi wa miaka mia mbili iliyopita utaburudika tu. Katika maktaba ya sheria mambo ni kinyume. Kitabu kilichopitwa na wakati hukaa rafuni kimya kama vingine, jalada lake zuri, maandishi yake yakisomeka vyema, ilhali sheria iliyomo ilikufa zamani.

Chukua mfano wa watoto. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilitumika humu nchini kwa miaka mingi, na vitabu vikaandikwa kuihusu. Mwaka wa 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto na ile ya kwanza ikafutwa. Vivyo hivyo katika mambo ya ardhi: sheria ya usajili wa mashamba ambayo wengi waliijua kama Sura ya 300 ilifutwa mwaka wa 2012. Mwanafunzi akinukuu kitabu cha zamani bila kujua hayo, atapoteza alama. Wakili akifanya kosa hilohilo, atakayepoteza ni mteja wake, na huenda akapoteza shamba.

Hii basi ndiyo kazi ya kwanza ya mkutubi wa sheria: kujua kipi kingali hai na kipi kimekufa. Hufuatilia Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo kwa kawaida hutoka kila Ijumaa. Hutazama miswada iliyopita Bungeni na hukumu mpya za mahakama. Kabla ya kompyuta kuenea, Sheria za Kenya ziliwekwa katika majalada ambayo kurasa zake huweza kuchomolewa. Marekebisho yalipotoka, mtu alikaa kitako akatoa kurasa za zamani na kutia mpya, moja baada ya nyingine. Ukurasa mmoja ukiwekwa pasipo pake, aliyekuja kusoma kesho yake alipotea njia pasi na kujua.

Hata hivyo, kilichokufa hakitupwi. Mtu aliyetia sahihi mkataba mwaka wa 1985 akifika kortini leo, jaji huenda akataka kujua sheria ilisemaje mwaka huo. Kwa hivyo mkutubi huihifadhi sheria ya kale, ila huitenga na kuionyesha kuwa ni ya kale.

Kesi moja, miaka minne

Huenda ukasema kwamba haya ni mambo ya karatasi tu. Hebu tazama kesi moja inayojulikana na kila mwanafunzi wa sheria nchini, ile ya Francis Karioko Muruatetu.

Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, husema kwamba anayepatikana na hatia ya mauaji atahukumiwa kifo. Jaji hakuachiwa nafasi ya kusikiliza maombi ya mshtakiwa na kupima adhabu. Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Adhabu ya kifo yenyewe haikuondolewa. Kilichoondolewa ni ule ulazima wake.

Habari hizo zilienea magerezani. Wafungwa wengi waliokuwa wamehukumiwa kwa makosa mengine, kama vile wizi wa mabavu, waliomba adhabu zao zitazamwe upya, na baadhi ya mahakama zikawakubalia. Ndipo tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa mwongozo: uamuzi wa 2017 ulihusu mauaji peke yake.

Sasa mfikirie mwanafunzi aliyeipata hukumu ya 2017 akafurahi, akafunga daftari na kwenda zake. Amesoma kweli, na alichosoma kipo. Lakini amekomea njiani. Mkutubi hodari hamwachi aondoke hivyo. Humwuliza: "Je, umetazama kilichosemwa baadaye kuhusu kesi hii?" Swali hilo fupi lina uzito kuliko vitabu kumi. Kwa mwanafunzi ni alama. Kwa mfungwa ambaye mwanafunzi huyo atamwakilisha miaka sita baadaye, ni matumaini ya kweli au ya uongo.

Kuisoma anwani ya kesi

Kila kesi ina anwani yake, kama nyumba mtaani. Mgeni akiiona mara ya kwanza hudhani ni mafumbo. Mkutubi ndiye humfundisha kuisoma.

Mathalan, kesi ya Donoghue na Stevenson, ile ya konokono aliyedaiwa kupatikana ndani ya chupa ya kinywaji kule Scotland, huandikwa [1932] AC 562. Mwaka ni 1932, AC ni jina la mfululizo wa ripoti zilizochapishwa London, na 562 ni ukurasa. Ukiona EA, jua kwamba ni ripoti za Afrika Mashariki, za enzi ambapo Kenya, Uganda na Tanzania zilitumia mahakama moja ya rufani, iliyokufa pamoja na Jumuiya mwaka wa 1977. Ukiona KLR, hizo ni ripoti za Kenya. Na ule mwongozo wa 2021 huandikwa [2021] KESC 31 (KLR): KE ni Kenya, SC ni Mahakama ya Juu, na 31 ni nambari yake mwaka huo.

Siku hizi hukumu hizi hupatikana bila malipo katika mtandao wa Kenya Law, yaani Baraza la Kitaifa la Kutoa Ripoti za Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1994. Mwananchi mwenye simu anaweza kuzisoma akiwa ndani ya matatu. Je, mkutubi ana kazi gani tena?

Mashine isiyoona haya

Jawabu lilitoka New York mwaka wa 2023. Mawakili wawili waliokuwa wakimwakilisha abiria aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca waliwasilisha hoja zenye kesi walizozipata kwa programu ya ChatGPT. Majina ya kesi yalikuwa mazuri, na nambari zilikuwapo. Kasoro ilikuwa moja tu: kesi kadhaa kati ya hizo hazikuwahi kusikizwa popote duniani. Programu ilizitunga. Jaji aliwatoza faini ya dola 5,000.

Mtu aliyezoea kufuata anwani ya kesi hadi mlangoni angeligundua jambo hilo kwa dakika chache. Angetafuta juzuu, angefungua ukurasa, na asingekuta kitu. Hicho ndicho mkutubi hufundisha: usimwamini aliyekuambia, awe ni mtu, kitabu au mashine, hadi uione hukumu yenyewe kwa macho yako.

Mpaka usiovukwa

Kuna jambo jingine gumu katika kazi hii. Mara kwa mara hutokea mtu asiye mwanafunzi, labda mama aliyefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi, akamwuliza mkutubi: "Mwanangu, nifanyeje?"

Mkutubi anaweza kumwonyesha sheria inayohusu wapangaji na kumfungulia kifungu. Hawezi kumwambia kwamba atashinda, wala kumwandikia hati za kortini kana kwamba yeye ni wakili. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamkataza asiye na sifa hizo kufanya kazi ya wakili. Ni uchungu kunyamaza mbele ya mwenye shida, lakini ushauri wa kubahatisha unaweza kumwangamiza zaidi. La busara ni kumwelekeza kwa wakili au kwa mashirika yanayotoa msaada wa kisheria.

Na wapo wanafunzi wenyewe, wenye visa vyao. Mtihani unapokaribia, mmoja hukificha kitabu katika rafu ya somo jingine ili wenzake wasikipate. Mwingine hunyofoa kurasa za kesi muhimu. Mkutubi huanza kuzunguka rafu kama mchungaji anayewatafuta kondoo waliopotea.

Ukitaka kazi hii

Kijana, ikiwa umevutiwa, anzia kwenye masomo ya ukutubi. Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Kenyatta ni miongoni mwa vyuo vinavyoyafundisha. Wengine huwa na shahada ya sheria kwanza, kisha wakaongeza ya ukutubi. Hao huelewana kwa urahisi na wahadhiri. Mwenye shahada ya ukutubi pekee naye anaweza kuifahamu sheria vizuri kwa kuishi nayo kila siku. Kinachohitajika zaidi ni subira, jicho la kuona kosa dogo, na moyo wa kumfurahia mwingine anapofaulu. Jina lako halitatajwa kortini, wala hakuna atakayekupigia makofi.

Nawe mzazi, mwanao akikuambia anataka kuwa mkutubi wa sheria, usikunje uso. Na kwetu sisi sote, iwe ni kwa chifu, kwa landilodi au katika mkutano wa ukoo kuhusu shamba, mtu akitutisha kwa kusema "sheria inasema", tumwulize maswali matatu ya mkutubi: Ni sheria ipi? Ni ya mwaka gani? Na je, ingali hai?