Mchungaji na Waumini Wake (3): Manung'uniko

Juma lililopita tulizungumzia posho na nyumba ya mchungaji. Leo tuingie katika jambo lisiloonekana katika hesabu za usharika: midomo yetu.

Hesabu sura ya 11 inasimulia Waisraeli jangwani wakililia samaki, matango na vitunguu saumu vya Misri, kwa kuwa mana walikuwa wameikinai. Musa alikwisha kumkabili Farao mara nyingi. Lakini ni hapa, alipowasikia watu wake wakilia kila mtu mlangoni pa hema yake, ndipo alipomwomba Mungu amuue.

Tujitazame. Ibada imekwisha, mnada wa mavuno unaendelea, na chini ya mwembe watu wanne wanampima mchungaji. Mahubiri yalikuwa marefu. Mkewe hakusalimia. Kwa fulani aliongoza mazishi mwenyewe, kwetu akamtuma mwinjilisti. Hakuna atakayeingia ofisini kumuuliza. Maneno yatamfikia Jumatano kupitia mwanawe, aliyeyasikia shuleni. Tangu hapo, kila akiandaa mahubiri anawaza nani ataudhika, na anafuta sentensi ambayo pengine ndiyo tuliyoihitaji. Nyumba zenye maneno anaanza kuzikwepa, na wenye nyumba hizo wanapata lalamiko jipya: mchungaji hatembelei watu. Waebrania 13:17 inaonya kwamba kiongozi akifanya kazi kwa kuugua, hasara ni ya waumini wenyewe. Onyo hilo tunalipita haraka mno.

Sisemi mchungaji asikosolewe. Nathani alimkosoa Daudi, tena vikali, lakini alimwendea uso kwa uso.

Mungu hakumjibu Musa kwa pole. Alimwagiza akusanye wazee 70 wauchukue mzigo pamoja naye. Basi nawauliza wazee wa kanisa: mnaposikia manung'uniko, huwa mnafanya nini? Wengi hunyamaza, na wengine huyasambaza kwa jina la kuomba ushauri. Namkumbuka mzee mmoja aliyekuwa na swali moja tu kwa kila mlalamikaji: "Umemwambia mwenyewe?" Akijibiwa hapana, alimshika mkono wakaenda pamoja ofisini. Walioingia walitoka wamesikilizana na mchungaji wao. Wengine walighairi njiani, na lalamiko likaishia hapo hapo.

Juma lijalo: mke na watoto wa mchungaji.